Amri Iliyotangulia Tufani

Usiku wa tarehe 12 Novemba 1970, tufani iliyozaliwa katika Ghuba ya Bengali iliipiga pwani ya nchi ambayo wakati ule ilikuwa ikiitwa Pakistani ya Mashariki, na ilipotulia ilikuwa imekwisha kuua watu wasiopungua 300,000. Wako wanaokadiria kwamba waliokufa walifika nusu milioni. Mwezi wa Mei 2020, tufani nyingine, Amphan, ambayo ilipokuwa baharini ilipanda hadi daraja la juu kabisa la tufani za ghuba ile, ilifika katika pwani hiyohiyo, ambayo sasa ni pwani ya Bangladesh, na watu waliofariki nchini humo hawakufika 30. Insafu yataka tukiri kwamba kitovu cha Amphan kilipita upande wa India, na kwamba ilikuwa imepungua nguvu ilipogusa ardhi. Lakini hata mtu akiitoa tofauti hiyo katika hesabu, na hata akiitwaa badala yake tufani ya Sidr ya Novemba 2007, iliyoingia Bangladesh kwa ghadhabu yake yote na kuua watu wapatao 3,400, pengo linalobaki ni kubwa mno hata lisiweze kuitwa bahati.

Wengi wakiulizwa sababu ya jambo hili hutaja setilaiti, na wengine hutaja fedha za wahisani. Mimi sizidharau setilaiti wala sizikatai fedha, ila naona kwamba sababu iliyo kuu ni nyingine, nayo ni ya namna ambayo haipendezi kuhutubiwa majukwaani: Bangladesh ilijifunza, kwa thamani ya roho nyingi, kumwambia kila mtu wajibu wake siku ambazo hakuna msiba, ili siku ya msiba ikifika pasiwe na haja ya mtu kumngoja mkubwa atoe amri.

Nchi yenyewe imewekwa mahali pa taabu. Mito mitatu mikubwa, yaani Ganges, ambao huko huitwa Padma, na Brahmaputra na Meghna, hukutana ndani yake na kumwaga maji ya sehemu kubwa ya milima ya Himalaya kupitia ardhi iliyo chini kiasi kwamba sehemu za pwani hazipiti mita chache juu ya bahari. Eneo lake halifiki sehemu moja ya sita ya eneo la Tanzania, lakini wakazi wake wanazidi milioni 165. Ghuba nayo, kadiri inavyokwenda kaskazini, hujibana na kupungua kina, basi tufani inapoyasukuma maji kuelekea huko, maji hayana pa kutawanyika ila kupanda juu. Na tufani hizo zina misimu miwili, Aprili na Mei kabla mvua za kusi hazijashika, kisha Oktoba na Novemba zinapokwisha. Fauka ya hayo, mito huchukua matope na kuumba visiwa vipya midomoni mwake, na maskini wasio na ardhi, madhali hawana pengine pa kulima, huhamia katika visiwa hivyo ambavyo ni vya kwanza kumezwa bahari inapofura. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba watu wale wanakaa mahali pa hatari kwa ujinga. Wanakaa hapo kwa sababu mwenye ardhi ya juu hakuwaachia nafasi.

Jambo la kuhuzunisha zaidi katika habari za 1970 ni kwamba tufani ile haikuja kwa siri. Ilikuwa imeonekana, redio ilikuwa imetangaza, na uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba walio wengi katika pwani walikuwa wamesikia kwamba dhoruba inakuja; lakini waliokimbilia katika majengo ya matofali walikuwa wachache kabisa. Wangekimbilia wapi? Nyumba zao zilikuwa za mianzi na makuti, jengo imara lilikuwa nadra, na tangazo la redio lilizungumza lugha ya wapimaji hewa ambayo haikumwambia mvuvi wa visiwa vya Bhola au Hatiya afanye nini na mkewe, watoto wake na ng'ombe wake kabla ya usiku kuingia. Maji yalikuja usiku, bamvua ikiwa juu, na katika eneo la Tazumuddin karibu nusu ya wakazi wakateketea.

Kisha ukaja msiba wa pili, wa serikali. Utawala wa Pakistani chini ya Jenerali Yahya Khan ulikuwa mbali, upande wa magharibi, zaidi ya maili elfu moja ng'ambo ya India, na misaada yake ikaenda kwa mwendo wa kobe hata watu wa mashariki wakaona wazi kwamba maisha yao hayakuwa na uzito katika mizani ya watawala. Mwezi uliofuata ulifanyika uchaguzi, na chama cha Awami League cha Sheikh Mujibur Rahman kikatwaa viti 160 kati ya 162 vya upande ule. Mwaka uliofuata vikawa vita, na kutoka katika vita ikatoka nchi mpya. Sitathubutu kusema kwamba tufani ndiyo iliyozaa taifa, kwani dhuluma zilikuwa zimelimbikana kwa miaka zaidi ya ishirini, katika lugha, katika mali na katika jeshi. Lakini yeyote anayedhani kwamba maafa ni shughuli ya mahema na magunia ya mchele, isiyohusiana na siasa, na aizingatie miezi ile.

Nchi ilipokuwa bado changa, na njaa ikiinyemelea, Chama cha Msalaba Mwekundu, ambacho sasa ni Hilali Nyekundu, kilianza mwaka 1972 mpango wa kujitayarisha kwa tufani, na mwaka uliofuata serikali ikauridhia na kushirikiana nao. Mpango huo ungalipo. Ulianza na watu wa kujitolea wapatao 20,000, na leo unao zaidi ya 76,000, nusu yao wakiwa wanawake. Siri yake, kama ni siri, ni kwamba watu hao hawaletwi kutoka mjini. Kila kikundi hukaa katika kijiji chake na kuangalia watu elfu mbili au tatu wanaojuana nao, na ndani ya kikundi kazi zimegawanywa: wako wa kupiga mbiu, wako wa kuwapokea watu katika makimbilio, wako wa kuokoa, wako wa huduma ya kwanza na wako wa kugawa msaada.

Habari hutoka Dhaka, mji mkuu, ambako idara ya hali ya hewa huifuata tufani na kuipa namba ya ishara, ikashuka kwa redio ya upepo hadi wilayani, na kutoka wilayani hadi vijijini, na hapo ndipo inapobadilika kutoka namba kuwa kitu kinachoonekana na kusikika. Bendera moja ikipandishwa, watu hujua kwamba wakae macho. Zikiwa mbili, hatari imekaribia. Zikiwa tatu, mtu asiulize tena, aondoke. Wenye vipaza sauti vya mkononi hupita njiani kwa miguu, kwa baiskeli au kwa riksho, ving'ora vya kuzungushwa kwa mkono hulia, na vipaza sauti vya misikitini, vilivyozoeleka kwa adhana, huchukua tangazo lilelile. Mtu wa pwani yetu hahitaji kufundishwa maana ya mambo haya, maana amekua akijua kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mbiu inayopigwa na mgeni na mbiu inayopigwa na mtoto wa jirani ambaye mwaka jana alikuja kufanya mazoezi uani kwako, akakuonyesha njia ya kimbilio, akamwandika bibi yako asiyeweza kutembea katika orodha ya watakaobebwa. Huyu wa pili husadikiwa. Na katika usiku wa tufani, kusadikiwa ni aula kuliko kipimo chochote cha kasi ya upepo.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba baada ya 1972 mambo yalikuwa shwari. Tarehe 29 Aprili 1991 tufani iliyovuma kwa kasi ya kilomita 240 kwa saa iliipiga pwani ya Chittagong, na ingawa mbiu ilipigwa, watu wapatao 138,000 walikufa. Makimbilio yote ya pwani yalikuwa kama 300 tu, na aliyekuwa mbali nayo hakuwa na faida ya onyo alilosikia. Walipohesabiwa waliokufa, ikadhihirika aibu iliyokuwa imefichika: kati ya watu wa umri wa miaka 20 hadi 44, wanawake waliokufa walikuwa 71 katika kila 1,000, na wanaume 15. Bahari haichagui mwanamke kwa mwanamume. Aliyechagua ni desturi na utaratibu mbovu: mwanamke aliyengoja nyumbani ruhusa ya mume aliyekuwa safarini, aliyekuwa na watoto watatu mikononi na nguo ndefu zikimtatiza majini, aliyekijua kimbilio kuwa ukumbi mmoja usio na pazia wala choo, umejaa wanaume wasio maharimu zake, akaona kuingia humo ni fedheha.

Sisi watu wa mwambao wa Afrika ya Mashariki tungelifahamu jambo hili upesi kuliko wataalamu wengi waliokwenda kulichunguza, kwani sitara na haya vimekaa katika nyumba zetu pia. Na hapa nawasifu Wabangladesh kwa busara yao, maana hawakuwatukana wanawake kwa kushika staha, wala hawakusimama kuhubiri kwamba roho ni bora kuliko haya. Walijenga vyumba vya wanawake na vyoo vyao katika makimbilio mapya, wakawaingiza wanawake katika vikundi vya kujitolea, ili anayebisha mlango wa mwanamke aliye peke yake awe mwanamke mwenzake. Sidr ilipokuja miaka 16 baadaye, waliokufa walikuwa bado wengi wao wanawake na watoto, lakini tofauti ilikuwa imepungua sana. Makimbilio nayo yakazidi kuongezeka hadi kufikia maelfu, na mengi yake siku za kawaida ni skuli, zimeinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini. Nionavyo mimi, huu ni uamuzi mmoja wenye akili nyingi: jengo linalongoja tufani kwa miaka kumi bila kazi huoza, hugeuzwa ghala la mtu mwenye nguvu, ufunguo wake hupotea; lakini skuli hufunguliwa kila asubuhi na kila mtoto anaijua njia yake gizani.

Ng'ombe pia walipata nafasi yao. Mtu wa mjini hucheka akisikia kwamba mkulima amekataa kuokoka kwa sababu ya ng'ombe wawili, lakini ng'ombe wale ndio benki yake, na akiwaacha atarudi kwenye ufukara ambao humuua polepole. Tangu miaka ya mwanzo ya uhuru vilijengwa vilima vya udongo vya kuwapandishia mifugo, vikaitwa kwa jina la Mujib, na wakati wa Amphan, pamoja na watu zaidi ya milioni 2 waliohamishwa, mifugo ipatayo nusu milioni ilihamishwa nayo.

Sasa nifike kwenye lile ambalo kwangu ndilo kiini. Mwaka 1997 serikali ya Bangladesh ilitoa waraka mrefu wa Maagizo ya Kudumu kuhusu Maafa, ukasahihishwa 2010 na tena 2019, na katikati, mwaka 2012, ikapitishwa sheria ya usimamizi wa maafa iliyoutia nguvu. Juu kabisa liko baraza la taifa chini ya waziri mkuu. Chini yake ziko kamati za wilaya, za wilaya ndogo, na za union, ambayo ni kama kata kwetu, zikiwa na madiwani, wawakilishi wa wanawake, wa wakulima na wavuvi, na watu wa kujitolea. Mpangilio wa namna hii unaweza kuchorwa na karani yeyote kwa mchana mmoja, na nchi nyingi zimeuchora. Upekee wa maagizo yale uko mahali pengine. Kwa kila wizara, kila jeshi, kila idara na kila kamati, yanasema ni nini kinachopasa kutendwa wakati wa kawaida, wakati wa onyo, wakati wa msiba wenyewe, na wakati wa kujenga upya. Kwa hiyo mwenyekiti wa union anapoona ishara imefika daraja fulani, hana haja ya kupiga simu kuuliza kama aifungue skuli. Amekwisha kuambiwa, na asipoifungua ni yeye mwenye kulaumiwa.

Hapo ndipo penye uzito. Katika serikali nyingi, na simtoi Mwafrika wala Mzungu, mtumishi anayengoja amri halaumiwi, na anayetenda bila amri huhatarisha mkate wake. Matokeo yake ni kwamba saa zilizo na thamani kuliko zote, saa kumi na mbili au ishirini na nne kabla ya maji kufika, huliwa na watu wanaotazamana. Wakubwa nao, tuseme kweli, hawachukii hali hiyo, kwani amri inayotoka kwao usiku wa manane huwaletea sifa, na picha ya kiongozi akigawa unga kwa waliookoka hupendeza gazetini, ilhali waraka uliotiwa sahihi miaka kumi iliyopita, ukamwokoa mtu ambaye hata hajui kwamba uliandikwa, haumpi yeyote kura. Serikali inayokubali kuandika maagizo ya namna hii inakubali kujinyima fahari, na ndiyo maana naona kwamba kazi hii ni ngumu kuliko kununua mitambo.

Bahari yetu ni ileile moja, na yasemwayo hapa hayatuhusu kwa mbali tu. Tufani iliivunja Unguja mwaka 1872 na kuing'oa mikarafuu yake, ikaipiga Lindi mwaka 1952, na Mei 2024 Hidaya ikaikaribia Mafia. Safari hii ya mwisho Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilionya mapema, vyombo vya baharini vikasimamishwa, na Mwenyezi Mungu akaipunguza nguvu dhoruba kabla haijatua, ingawa mvua zake ziliikata barabara ya kusini huko Somanga. Tanzania nayo inayo sheria ya usimamizi wa maafa ya mwaka 2022, yenye kamati kutoka taifa hadi kijiji. Swali langu kwa wanaohusika ni dogo: saa nane za usiku, mtandao wa simu ukiwa umekatika, mwenyekiti wa kijiji kilichoko kisiwani katika bahari ya Kilwa atafanya nini cha kwanza, na ni wapi palipoandikwa kwamba afanye hivyo? Iwapo jibu ni kwamba atangoja maelekezo, basi tunayo sheria, lakini hatujapata utaratibu.

Wala nisieleweke kwamba Bangladesh imemaliza kazi. Kuokoa roho usiku wa tufani ni mlango mmoja tu, na milango iliyobaki haijafungwa vizuri. Baada ya tufani ya Aila, Mei 2009, ambayo iliua watu chini ya 200 nchini humo, matuta ya udongo yaliyokuwa yakizuia bahari yalivunjika upande wa kusini-magharibi, maji ya chumvi yakaingia na kutoka mashambani kwa kila kujaa na kupwa, na jamaa nyingi zikaishi juu ya mabaki ya matuta yale, chini ya mahema, zaidi ya mwaka mmoja. Walikuwa wameokolewa kwa ustadi. Waliowakosa ni wa kuwarudishia ardhi. Tena kamati za union, zilizo bora katika karatasi, mahali pengi hukutana tu msaada unapokaribia kugawiwa, na kwa kawaida orodha ya wanaostahiki huanza na majina ya jamaa za mwenyekiti.

Mtihani mkubwa wa hivi karibuni ulikuja Agosti 2024. Tarehe 5 ya mwezi huo Sheikh Hasina, waziri mkuu, alikimbia nchi baada ya maasi ya vijana. Madiwani na wenyeviti wengi wa chama chake wakajificha, na katikati ya mwezi wenyeviti wa wilaya ndogo wakaondolewa kazini. Siku chache baadaye maji yalishuka ghafula kutoka milima ya Tripura upande wa India, yakaizamisha wilaya ya Feni na majirani zake. Feni haikuwa pwani ya mbele ya tufani, watu wake hawakuwa na mazoea ya gharika kubwa kama ile, onyo lilikuwa la saa chache, na waliopaswa kukaa katika viti vya kamati hawakuwapo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dhaka wakajaza uwanja wa kituo chao cha wanafunzi kwa maji ya kunywa, vyakula na nguo zilizoletwa na raia, wenye mashua wakazipakia juu ya malori na kwenda nazo Feni, na wengi walifika huko bila kutumwa na mtu yeyote. Lakini wakiwa huko, kwa kukosa mwenye orodha, baadhi ya vijiji vya kando ya barabara vilipata msaada mara tatu, na vya ndani vikakaa juu ya mapaa vikingoja.